Mwajuma: Asili ya Jina na Maana Yake

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jina moja la kike, jina tulisikialo nyumbani, sokoni, shuleni na hospitalini, hata tumelizoea, na kwa kulizoea tumesahau kuliuliza maana yake. Jina lenyewe ni Mwajuma. Wengi wakiulizwa hujibu upesi kwamba maana yake ni mtoto wa Bwana Juma. Jibu hilo si sahihi. Na kosa hilo, ingawa laonekana dogo, huweza kumtenga mwanamke na baba yake katika daftari, na hata kumcheleweshea haki yake. Kwa hiyo yafaa tulichungue jina hili neno kwa neno, tujue limetoka wapi, limepita njia gani, na lasema nini juu ya huyo aitwaye.

Tuanze mahali ambapo jina hili lilifika kama mgeni, maana asili ya mgeni huulizwa kuliko asili ya mwenyeji. Kintinku ni mji mdogo wa wilaya ya Manyoni, katika mkoa wa Singida, penye kituo cha Reli ya Kati. Uko chini bondeni, na juu ya ukingo wa bonde hilo ndiko Kilimatinde. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wagogo, wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa mtama na uwele. Basi tukisema kwamba wanawake watatu wamekutana kisimani huko Kintinku, wa kwanza aitwa Nyemo, wa pili Elizabeti na wa tatu Mwajuma, hatutakuwa tumesema jambo la ajabu. Na ukiyapima majina hayo matatu utaona kwamba kila moja lina safari yake.

Nyemo ni jina la nyumbani. Katika Kigogo neno hilo maana yake ni furaha, wala halikuhitaji kuvuka mto wala bahari ili kufika kisimani. Elizabeti ametoka mbali. Jina hilo ni la Kiebrania, na wataalamu hulifasiri kuwa Mungu wangu ni kiapo. Likaingia katika Kiyunani, kisha katika Kilatini, likaenea katika lugha za Ulaya, na hata huku likaja pamoja na Biblia na wamisionari. Katika nchi ya Latvia, iliyo kando ya bahari ya Baltiki, jina hilo hilo huitwa Elizabete, na kwa kufupishwa limekuwa Ilze. Wala mtu asiyeambiwa hawezi kukisia kwamba Ilze wa Latvia na Elizabeti wa Kintinku ni wasomo. Hivyo ndivyo yalivyo majina: hubadili mavazi kila yapitapo, lakini mwili wake ni ule ule. Sasa tumtazame wa tatu, Mwajuma.

Jina hili lina sehemu mbili, Mwana na Juma. Tuanze na hiyo ya pili. Juma ni neno lililotoka katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya kukusanya au kukutana pamoja. Katika shina hilo Kiswahili kimepata maneno mengi ambayo twayatumia kila siku pasipo kukumbuka udugu wake: jamaa, yaani watu wa pamoja, jamii, yaani umoja wa watu wengi, jumuiya, yaani chama au ushirika, na kitenzi kujumuika. Hapa yafaa nitoe tahadhari. Neno jumla, pamoja na kitenzi kujumlisha, lafanana sana na hayo, na maana yake yakaribiana nayo; hata hivyo shina lake katika Kiarabu ni jingine kabisa. Kufanana kwa sura si ushahidi wa udugu, kwa maneno kama kwa watu.

Siku ya Ijumaa, basi, maana yake ni siku ya mkutano, siku ambayo Waislamu hukusanyika msikitini kwa sala ya adhuhuri. Katika Kurani iko sura nzima, ya 62, iitwayo kwa jina la siku hiyo. Kabla ya Uislamu, Waarabu waliita siku hiyo Aruba. Jina la Ijumaa likashika mahali pake kwa sababu ya huo mkutano. Wako watu wa pwani, hasa upande wa Mombasa na Lamu, ambao hata leo huandika jina la mwanamume kuwa Jumaa, wakiivuta sauti ya mwisho kama inavyovutwa katika jina la siku. Bara tumelifupisha, tukasema Juma.

Lakini neno juma katika Kiswahili lina kazi mbili, nalo hili limewachanganya wengi. Kwa asili lilikuwa jina la siku moja. Baadaye likawa pia jina la siku saba zote kwa pamoja, maana watu walihesabu muda kutoka Ijumaa moja hata Ijumaa nyingine. Siku hizi vijana wengi husema wiki, na neno juma kwa maana hiyo limeanza kubaki katika vitabu na vinywa vya wazee. Hata hivyo ushahidi wake uko wazi katika majina ya siku zenyewe. Jumamosi ni siku ya kwanza ya juma, kwa kuwa mosi ni moja. Jumapili ni ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Hesabu yetu huanza baada ya Ijumaa, wala haikuanza Jumapili kama ya watu wengine.

Na baada ya Jumatano hesabu hiyo yakatika ghafula. Tungetazamia siku iitwayo Jumasita, nayo hatuioni. Badala yake twaona Alhamisi, ambalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano. Waarabu huanza kuhesabu siku ya Jumapili, ambayo kwao ni ya kwanza, na hivyo Alhamisi yao ni ya tano kwa haki. Kwa hiyo sisi Waswahili tuna siku mbili za tano zinazofuatana, ya kwanza kwa hesabu ya Kibantu na ya pili kwa hesabu ya Kiarabu, kisha yaja Ijumaa, siku isiyo na namba. Hesabu mbili zimekutana katika juma moja, na hiyo siku ya mkutano ndiyo iliyozifunga pamoja. Mtu akijua jambo hili hataona ajabu tena kwamba jina la Mwajuma nalo limefungwa kwa lugha mbili.

Sasa tuitazame sehemu ya kwanza, Mwana. Hapa ndipo wengi hupotea. Kila mtu ajua kwamba mwana ni mtoto, na kwa hiyo husema kwamba Mwanajuma ni mtoto wa Juma, kama tusemavyo mwana wa fulani. Lakini katika Kiswahili cha pwani neno mwana lina maana nyingine ya heshima, nayo ni bibi, mwanamke mtukufu, mwenye nyumba. Wazee wa Mombasa, wakieleza habari za mwanzo wa mji wao, humtaja malkia aitwaye Mwana Mkisi. Pate alizaliwa mshairi mashuhuri Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye mwaka 1858 alimtungia binti yake utenzi wa maonyo ya maisha. Hakuna anayedhani kwamba Mwana Kupona maana yake ni mtoto wa mtu aitwaye Kupona. Baba yake alikuwa Mshamu, kama jina lenyewe lisemavyo, na hilo neno Mwana ni la kumpa heshima.

Iko dalili nyingine yenye nguvu zaidi. Mwana kwa maana ya mtoto hutumika kwa wa kiume na wa kike sawasawa. Kama Mwana wa Mwanajuma angekuwa mtoto tu, tungetazamia kuwaona wanaume wengi waitwao Mwanajuma. Nao hatuwaoni, jina hili ni la wanawake. Je, wanaume huitwaje? Huitwa Juma, au huitwa Mwinjuma. Na Mwinjuma ni nini? Ni Mwinyi na Juma. Mwinyi ni bwana, mwenye mali au mwenye mji. Kwa neno hilo watawala wa kale wa Unguja waliitwa Mwinyi Mkuu. Kadhalika mwanamume aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mwinyimvua, na mwanamke Mwanamvua. Basi majina haya yamepangwa jozi: Mwinyi kwa mwanamume, Mwana kwa mwanamke. Kama Mwinjuma ni Bwana Ijumaa, hapana budi Mwanajuma awe Bibi Ijumaa, na Mwajuma ni jina lile lile lililopunguzwa silabi moja kwa wepesi wa ulimi.

Kwa hiyo maana ya Mwajuma ni bibi aliyezaliwa siku ya Ijumaa. Ndugu zake ni wengi. Mwanahamisi ni yule wa Alhamisi, na mwenzake wa kiume ni Hamisi. Mwanaidi ni yule aliyezaliwa siku kuu ya Idi, na mwenzake wa kiume ni Idi. Majina ya miezi ya Kiislamu nayo hutumika vivyo hivyo, kama Rajabu, Shabani na Ramadhani. Jina la namna hii ni kalenda ndogo, nayo mtu hutembea nayo maisha yake yote bila ya kuibeba mkononi.

Kabla hatujaliacha jambo la siku, yatupasa tujue siku yenyewe huanza lini. Kwa saa ya kizungu siku huanza usiku wa manane. Kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo wazee wa pwani waliifuata, siku huanza jua linapokuchwa. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule ambao wengine huuita usiku wa Alhamisi. Tuchukue mfano wa siku ambayo kila Mtanzania aijua. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, nayo ilikuwa Jumamosi. Mtoto wa kike aliyezaliwa adhuhuri ya tarehe 8 alizaliwa Ijumaa, na jina la Mwajuma lilimfaa. Lakini aliyezaliwa saa mbili usiku wa tarehe hiyo hiyo 8, bendera mpya ikingojwa kupandishwa usiku wa manane, alikuwa amekwisha kuingia katika Jumamosi kwa hesabu ya wazee. Na yule aliyezaliwa tarehe 7, Alhamisi, baada ya jua kuchwa, huyo ndiye Mwajuma halali, ingawa cheti chake chataja tarehe ya Alhamisi. Basi mtu akitazama kalenda na kuona kwamba Mwajuma fulani alizaliwa Alhamisi, asiseme kwamba wazazi wake walikosea. Aulize kwanza: alizaliwa saa ngapi?

Tena jina hufuata siku ya kuzaliwa, wala halifuati siku ya kupewa jina. Desturi ya Kiislamu ni kumnyoa mtoto nywele na kumtangazia jina siku ya saba. Aliyezaliwa Ijumaa, tukiihesabu hiyo Ijumaa kuwa ya kwanza, siku yake ya saba ni Alhamisi; na bado ataitwa Mwajuma.

Turudi sasa Kintinku. Jina hili lilipandaje kutoka pwani hata likafika katika nchi ya mtama na uwele? Njia ilikuwako kabla ya reli. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikaingia Ugogo, kisha ikakata pori la Mgunda Mkali na kufika Tabora, na kutoka huko hata Ujiji. Burton na Speke walipita Ugogo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, nao wote walikuta njia iliyokwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi na wafanya biashara wa pwani. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, maana katika nchi ile kavu maji na chakula vilikuwa mali, na msafara haukuweza kupita bila ya kupatana na wenyeji. Watu wakikaa kambini siku nyingi wakingojea mapatano, hubadilishana zaidi ya nguo na chumvi. Hubadilishana maneno, na pamoja na maneno, majina.

Kisha ikaja reli. Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kila kituo kilivuta wenye maduka, mafundi, wachukuzi na vibarua, watu wa makabila mbalimbali ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Hivyo Mwajuma akapata makao mapya mbali na bahari. Na jambo la kupendeza ni kwamba bara halikumwona kuwa mgeni kabisa. Kumwita mtoto kwa majira au jambo lililotukia alipozaliwa ni desturi ya makabila mengi ya Afrika. Mvua, njaa, safari na furaha vyote vimepata kuwa majina ya watu. Jina la pwani lilileta neno geni, lakini wazo lake lilikuwa la nyumbani.

Wala sisi hatuko peke yetu duniani katika desturi hii. Waakani wa Ghana humpa kila mtoto jina la siku yake. Msichana wa Ijumaa huitwa Afua, au Efua kwa Wafanti, na mvulana huitwa Kofi. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizaliwa tarehe 8 Aprili 1938, nayo ilikuwa Ijumaa. Angezaliwa pwani yetu angeitwa Juma. Katika Uyunani liko jina la kike Paraskevi, ambalo ni jina lile lile la siku ya Ijumaa katika lugha yao. Maana yake ni matayarisho, kwa kuwa kwa Wayahudi Ijumaa ilikuwa siku ya kujitayarisha kwa Sabato. Twaweza kusema, basi, kwamba Paraskevi ni Mwajuma wa Uyunani. Siku ni moja. Mmoja ameitwa kwa kujitayarisha, mwingine kwa kukutana.

Na huko Latvia tulikomtaja Ilze, jina na siku huhusiana kwa njia nyingine. Kalenda ya Kilatvia huonyesha majina ya watu kwa kila siku, na siku ya jina lako ikifika jamaa na marafiki hukupongeza. Liko jina la kike Līga, nalo limetokana na kiitikio cha nyimbo za sikukuu ya katikati ya majira ya joto, ambazo huitikiwa kwa neno līgo. Siku ya jina hilo ni tarehe 23 Juni, ndiyo siku yenyewe ya mkesha wa sikukuu. Lakini tazameni tofauti. Msichana wa Kilatvia aweza kuzaliwa mwezi wa Januari na kuitwa Līga. Jina lake ndilo limpalo siku. Kwetu sisi, siku ndiyo impayo msichana jina. Yeye huingojea siku yake mara moja kwa mwaka. Mwajuma siku yake humjia kila juma.

Hayo ndiyo maana na asili. Sasa tutazame madhara ya kutoyajua. Kwa desturi yetu ya kale, mwanamke alipotaka kumtaja baba yake alitumia neno binti. Mwimbaji mashuhuri wa Unguja aliitwa Siti binti Saad. Siti, kama Mwana, ni neno la heshima lenye maana ya bibi, nalo alilipata baadaye, kwa kuwa utotoni aliitwa Mtumwa. Saad ndiye baba. Hapo kila neno lina mahali pake, na hapana awezaye kuchanganya. Vivyo hivyo Mwajuma binti Salumu ni mwanamke aliyezaliwa Ijumaa, ambaye baba yake ni Salumu.

Lakini daftari za siku hizi zina nafasi tatu: jina la kwanza, jina la kati na jina la mwisho. Neno binti halina nafasi humo. Tuseme Mwajuma ni binti wa Salumu, mwana wa Ali. Karani adhaniaye kwamba Mwajuma ni mtoto wa Juma aweza kulikata jina vipande viwili, akaandika Mwa katika nafasi ya kwanza, Juma katika nafasi ya kati, na Salumu katika nafasi ya mwisho. Kwa pigo moja la kalamu amempa msichana baba asiyemjua, akamgeuza baba yake kuwa babu, na babu yake wa haki akatoweka. Siku hiyo hapana aonaye hasara. Mtoto anyonya, mama arudi nyumbani, cheti chawekwa sandukuni.

Hasara huja baada ya miaka mingi. Salumu amefariki, ameacha shamba na ng'ombe. Watoto wake wafika mbele ya mahakama kwa habari ya mirathi, kila mmoja na cheti chake. Kaka zake Mwajuma wameandikwa kuwa wana wa Salumu Ali. Cheti chake yeye chasema kwamba baba ni Juma. Majirani wote wamjua, shangazi walimpokea siku aliyozaliwa, lakini karatasi haimjui. Mwenye nia njema atamtetea. Mwenye tamaa atanyamaza, na kunyamaza kwake kutamfaa. Ndipo mwanamke huyu atakapoanza kutafuta mashahidi, kulipa nauli na kula viapo, ili athibitishe jambo ambalo jina lake, kama lingeandikwa vema, lisingelitia shaka hata siku moja.

Kuna kosa la pili, dogo kuliko hilo lakini la mara nyingi zaidi. Mwanamke mmoja huandikwa Mwanajuma katika kadi ya kliniki, Mwajuma katika daftari la shule, na Mwajumaa katika kitambulisho. Kwa sisi tulioeleza asili ya jina, hayo matatu ni jina moja, kwa kuwa moja ni refu, moja limefupishwa, na moja limevutwa kama pwani wavutavyo. Lakini kwa mashine na kwa karani asiyemwona mwenyewe, hao ni wanawake watatu. Dawa yake ni rahisi ikitumiwa mapema. Wazazi wachague namna moja ya kuandika, waiandike kwenye kipande cha karatasi kabla ya kwenda kuandikisha, na wakipewa cheti wakisome herufi kwa herufi papo hapo, kabla hawajaondoka mlangoni. Asiyejua kusoma aende na ajuaye. Na mtu mzima ambaye hati zake zimekwisha kutofautiana asingoje siku ya shida. Na ashauriane na wakili au mahakama juu ya hati ya kiapo ya kueleza kwamba majina hayo yote ni yake, akiwa na afya na mashahidi wake wakiwa hai.

Yafaa pia tujue mpaka wa jina hili, lisije likadaiwa kazi isiyo yake. Mwajuma hutuambia siku, wala halituambii mwaka. Bibi mzee wa Kintinku asiye na cheti aweza kujua kwa hakika kwamba alizaliwa Ijumaa na asijue ana miaka mingapi. Kwa mwaka wazee walitumia alama nyingine: reli ilipofika, vita vilipopiganwa, au njaa. Wagogo waliiita Mtunya ile njaa kuu iliyowapiga kuanzia 1917 hata 1920, na kwa vizazi vingi umri wa watu ulihesabiwa kwa kuuliza kama mtu alizaliwa kabla ya Mtunya au baada yake. Jina hutoa siku, njaa hutoa mwaka, na kumbukumbu ya jamaa huviunganisha. Mjukuu afanyaye bidii ya kumwuliza bibi yake maswali hayo mawili, na kuyaandika majibu yake, ameokoa kitu ambacho fedha haitakirudisha.

Mwisho, neno kwa wasichana wenyewe. Wako waonao haya kwa jina hili. Husema ni jina la kizamani, la mabibi wa vijijini, na wakifika mjini hujibandika jingine lenye mlio mpya, ambalo pengine hawajui maana yake. Kila mtu ana haki ya kuchagua aitwavyo. Lakini kabla hujalitupa jina, fungua ndani uone kilichomo. Ndani ya Mwajuma mna neno la heshima ambalo Waswahili waliwaitia mabibi wao wakubwa. Mna siku ambayo watu huacha kazi na kukutana. Mna shina lile lile lililotupa jamaa na jamii. Na mna wazazi ambao siku ile waliitazama siku ya kuzaliwa kwako, wakaiona inafaa kukumbukwa, wakakupa uikumbuke kwa niaba yao.

Basi, mabibi na mabwana, tukimsikia Mwajuma akiitwa, iwe ni Unguja au Kintinku, tusimwulize, "Juma ni baba yako?" Tumwulize baba yake ni nani, tuandike jina la baba huyo mahali pake, na jina la Mwajuma tuliache zima katika nafasi yake ya kwanza, neno moja lisilokatwa. Hiyo ni heshima ndogo isiyogharimu kitu, na kwa mwenye jina huweza kuwa na thamani ya shamba zima. Kwaherini.